Binti wa Ndoo ya Chokaa

Walilikamata koti kwa wakati mmoja. Mwanamume alishika kola, mwanamke akashika pindo, na kila mmoja akamtazama mwenzake kama anayemtazama mwizi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na soko la mitumba lilikuwa limefurika. Wauzaji walisimama juu ya meza wakipiga makofi na kuimba bei, wanunuzi wakikanyagana, vumbi la nguo kuukuu likiwapanda puani. Katikati ya zogo hilo koti la kaki lilining'inia baina yao, refu, zito, lenye mifuko minne na mabega ya kibwana.

"Dada, hili nililiona tangu nikiwa kule kwenye viatu," alisema mwanamume.

"Macho hayanunui, kaka. Mkono ndio unaonunua."

"Na mkono wangu uko wapi?"

"Kwenye kola. Mimi nimeshika koti lenyewe."

Mwanamke alikuwa mwembamba, amevaa gauni la bluu lililomkaa kana kwamba alizaliwa nalo, utepe wa kupimia umemzunguka shingoni na pini tatu zimechomekwa kifuani. Alikuwa fundi cherehani. Sokoni walimwita Sindano, kwa umbo lake na kwa ulimi wake. Alimpima mwanamume kwa jicho la kikazi: shati jeupe lililopigwa pasi vizuri mbele na ovyo mgongoni, yaani hana mke, vumbi la chaki kwenye mfuko wa suruali, yaani mwalimu.

"Koti lenyewe litakumeza," alimwambia. "Utalivaa wapi?"

"Si langu. Ni la mwanafunzi wangu. Atakuwa mkuu wa wilaya."

"Akimaliza shule?"

"Jumatano, kipindi cha tatu."

Sindano alicheka mpaka akaliachia pindo, na Mwalimu, badala ya kukimbia na koti, akabaki amesimama pale akisubiri acheke tena.

Ikabidi aeleze. Alikuwa mwalimu wa historia wa kidato cha tatu. Kwa miaka saba alifundisha kama alivyofundishwa, tarehe ubaoni na wanafunzi wakinakili, mpaka siku moja alipogundua kwamba nusu ya darasa walikuwa wananakili huku wamelala. Akaacha. Sasa kila mwanafunzi alipewa kadi. Kadi ilisema wewe ni nani, unataka nini, unaogopa nini, unaficha nini. Maneno ya kusema haikuwa nayo. Hayo wangeyatafuta wenyewe. Kisha siku ya historia ilianza, mkuu wa wilaya akaketi, wakulima wakaingia na malalamiko, na hakuna aliyejua mambo yangeishia wapi, hata Mwalimu mwenyewe. Baadaye ndipo walipofungua kitabu kuona watu wa kweli walifanya nini, na kubishana kwa nini wao walifanya vingine.

"Na hawalali?"

"Mmoja alilia wiki iliyopita. Alikuwa mtoza ushuru."

Sindano alimwachia koti kwa sharti moja, kwamba asimvishe mtoto wa watu gunia. Alilipunguza mwenyewe. Koti likaleta jingine, na jingine likaleta kofia, na kabla ya mwezi kwisha Mwalimu alikuwa akipanda ngazi za chumba cha kazi cha Sindano kila alipotoka shule. Kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya magari, chenye cherehani mbili, moja nzima na moja mfu iliyogeuzwa meza ya chai. Mwalimu alikaa kwenye mtungi wa oksijeni uliotelekezwa na mafundi wa chini na kumtazama akiuma uzi kwa meno. Sindano naye alizoea kunyamazisha cherehani asikie hatua zake ngazini, ingawa alikataa katakata kwamba alifanya hivyo.

Mchana walipigiana simu.

"Umekula, Mwalimu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chaki."

"Basi jioni usije na midomo hiyo huku."

Mapenzi yao hayakuwa na makeke. Walikuwa watu wazima, kila mmoja alishawahi kuachwa, na walishikana kwa ule uangalifu wa mtu anayebeba chombo ambacho kilishawahi kumvunjikia.

Jambo lilianza mkuu wa shule alipotangaza kwamba mkaguzi wa elimu angekuja mwisho wa muhula, na kwamba somo la Mwalimu ndilo angeonyeshwa, ukumbini, mbele ya wazazi. Mwalimu alichagua historia iliyokuwa karibu kuliko zote. Miaka hamsini na moja iliyopita, mtaa mzima wa bondeni, nyumba mia nne na kitu, ulibomolewa ndani ya siku tatu ili kupisha karakana ya reli. Nyumba za kubomolewa zilipigwa alama ya msalaba kwa chokaa. Nusu ya wazee wa mji ule walikuwa wametokea bondeni, na karibu kila mtu alikuwa na shangazi au babu wa kusimulia.

Alipomwambia Sindano, cherehani ilisimama na haikuanza tena. Sindano alikunja kitambaa mara nne, akaenda kufunga mlango.

Alimweleza kwa sauti ya chini. Aliyepiga zile alama alikuwa karani mmoja wa serikali. Karani huyo alikuwa babu yake, baba wa mama yake. Miongoni mwa milango aliyoipiga chokaa ulikuwemo wa kaka yake wa damu, ambaye mke wake alikuwa na kichanga cha siku nne. Watu walihamishiwa uwanja wa wazi, mvua ikanyesha siku mbili, na kitoto kile kikafa. Baada ya hapo hakuna aliyemsalimia karani mpaka alipokufa. Mtoto wake aliitwa Chokaa shuleni, njiani, kisimani, mpaka alipoolewa akaficha jina la baba yake ndani ya jina la mume.

"Na kuna lingine," alisema Sindano. "Mama aliniambia mara moja tu, na akaniapisha. Ndoo ya chokaa aliibeba yeye. Alikuwa na miaka saba. Alitembea na baba yake nyumba hadi nyumba, amevalishwa gauni jipya, akijiona malkia. Nakuambia wewe ili ujue pa kukanyaga. Ukija nyumbani, usimwulize Mama habari za bondeni."

Mwalimu alimshika mikono yote miwili na kumwambia kwamba siri yake imezikwa. Alimaanisha. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu aamini kwamba hakumaanisha.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe alilijaribisha somo darasani, na likawa bovu. Wanafunzi walioigiza waliobomolewa walilia vilio vya uongo. Walioigiza serikali wakakunja nyuso. Aliyecheza karani, msichana mrefu ambaye pia alikuwa kiranja, alilalamika kwamba kadi yake ilikuwa tupu. Ilisema tu: wewe ni karani, unatii amri. "Mwalimu, huyu si mtu," alisema. "Huyu ni brashi."

Mwalimu alirudi mezani kwake na kadi tupu. Alimfikiria mkaguzi. Alifikiria miaka saba ya ubao. Akaandika mistari minne: Una kaka anayeishi mlango wa tatu kutoka kwako. Mke wake amejifungua. Una binti wa miaka saba. Ndiye anayekubebea ndoo. Akachukua kadi nyingine akamwandikia binti. Alijiambia kwamba hakuna jina, na pasipo jina hakuna mtu. Lakini alipozimaliza aliziweka chini kabisa ya rundo, na mtu hafichi chini kitu asichokionea aibu.

Sindano aliwashonea wote: makoti, vilemba, na gauni moja dogo jeupe ambalo Mwalimu alimwagizia bila kueleza. Siku mbili kabla, alimpigia simu. Mama yake alikuwa ameamua kuja. Alitaka kumwona huyu bwana akiwa kazini, kwa sababu, alisema, mwanamume wa sebuleni kila mtu anaweza kuwa. Sindano alikuwa amemwonya kwamba somo ni la bondeni. Mama alijibu kwamba amelala na bondeni miaka hamsini na moja, watoto wa shule hawatamshinda.

"Lakini niambie," alisema Sindano kwenye simu. "Kuna karani?"

Kimya kilichofuata kilikuwa kifupi. Mtu asiyependa asingekisikia, na Sindano, aliyependa, alikisikia akakisamehe.

"Karani ni karani tu, mpenzi. Wako kila mahali."

Mama alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, amebakiza miezi michache kustaafu, mwanamke mnene mwenye mikono iliyochunwa na sabuni. Siku ile alivaa gauni la kijani alilolivaa kwenye mahafali ya bintiye, akajipaka manukato kidogo. Mwalimu alimpokea mlangoni kwa shikamoo na kumketisha safu ya mbele, kiti cha tatu kutoka kwa mkaguzi. Mama alimpenda papo hapo. Alimnong'oneza bintiye kwamba mgongo wa shati unahitaji mke.

Somo lilianza vizuri kupita kiasi. Ukumbi ukawa baraza la mtaa. Waliobomolewa walikaa chini, mkuu wa wilaya juu ya jukwaa, na baraza likaamua kumwita karani ajieleze. Msichana kiranja alisimama ndani ya koti la kaki. Sasa alikuwa na kadi iliyojaa, na alijua kuitumia.

"Mlango wa kaka yako uliupiga nani?" aliuliza mmoja kutoka sakafuni.

"Mimi."

"Ulijua mkewe kajifungua?"

"Nilijua. Nilisikia mtoto analia nikiwa nachovya brashi."

Ukumbi ulinyamaza namna ile ambayo kila mwalimu huiota. Sindano aligeuka kumtafuta Mwalimu kwa macho. Alimkuta ukutani, akiwatazama wanafunzi wake, ameng'aa uso. Hakuwa akimtazama yeye wala mama yake. Alikuwa amesahau kwamba wapo.

Ndipo akaletwa binti, mwanafunzi mdogo kuliko wote, ndani ya gauni jeupe, na ndoo ya bati mkononi. Sindano aliijua mishono yake mwenyewe. Aliunyosha mkono kumshika mama, akaukuta mkono wa mama umekuwa mgumu kama ubao.

Watoto wana ukatili wa mtu asiyejua bei. Walimzunguka. Mmoja alimwuliza alijisikiaje kubeba ndoo ile. Kadi haikuwa na jibu hilo. Mtoto alifikiri kidogo, akataka kuwafurahisha, akasema: "Nilifurahi. Nilikuwa nahesabu nyumba."

Mtu nyuma akasonya. Baraza likapiga kura. Mikono yote ikainuka: karani atengwe na mtaa, na binti atengwe naye.

Mama alisimama. Hakupaza sauti.

"Sikuwa nahesabu," alisema. "Nilikuwa sijui kuhesabu."

Baadhi walidhani ni sehemu ya igizo. Mkaguzi alianza hata kutabasamu. Kisha mzee mmoja, babu wa mwanafunzi fulani, akajiinua kwa fimbo yake, akamtazama Mama kwa muda mrefu, akalitaja jina la karani. Jina kamili, lile lililofichwa. Akauliza kama ndilo. Mama akasema ndilo. Mzee akatoka nje, na wengine saba wakamfuata, viti vikikwaruza sakafu kimoja kimoja.

Njiani kurudi nyumbani Mama alimwuliza bintiye swali moja tu. "Ulimwambia lini?"

Mama hakulirudia swali hilo. Lakini kuanzia siku hiyo aliacha kumsimulia habari zake, hata zile za kazini, za mashuka yaliyopotea na manesi waliogombana. Adhabu hiyo Sindano aliiona ya haki, ndiyo maana haikumwacha apumue.

Mji ulifanya kazi yake. Jirani wa miaka ishirini, ambaye mama yake alitokea bondeni, alirudisha sufuria aliloazima, limesuguliwa liking'aa, akaliweka kizingitini bila kubisha hodi. Hospitalini mtu aliandika neno Chokaa kwenye karatasi ya zamu, mahali pa jina la msimamizi. Wiki ya pili Sindano alirudi mchana akakuta mlango wao umepigwa msalaba mweupe, na chokaa bado mbichi inachuruzika. Ilijulikana baadaye kwamba ni wanafunzi wawili wa kidato cha tatu. Walipoulizwa walisema walidhani igizo linaendelea.

Mama aliufuta mlango mwenyewe. Sindano alichukua brashi nyingine kumsaidia, na Mama akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba hii ni kazi yake tangu utotoni.

Mwalimu alikuwa amepiga simu mara arobaini. Jioni ya mlango ule ndipo Sindano alipopokea.

"Nisikilize tu dakika moja, mpenzi."

"Sema."

"Sikuandika jina. Wala sikujua mtoto atasema vile, haikuwemo kwenye kadi. Nilidhani ukiona gauni utaelewa, nilidhani labda hata ni vizuri, kwamba mambo haya yakisemwa hadharani..."

"Mkaguzi alisemaje?"

Mwalimu alianza tena habari za gauni.

"Nimekuuliza. Alisemaje?"

"Alisema ni somo bora kuliko yote aliyowahi kuona. Wanataka nikawafundishe walimu wengine."

"Hongera," alisema Sindano. "Usinipigie tena."

Ikapita miezi minne. Mwalimu alizunguka shule za wilaya akiwafundisha wenzake kuandika kadi. Alipigiwa makofi. Alikonda. Siku zisizo na safari alikwenda ofisi ya nyaraka, akakaa kwenye benchi la mbao mbele ya madaftari ya reli, akitafuta kitu ambacho kingemsafisha karani na kumwezesha kurudi kwenye ule mlango na habari njema. Alitafuta amri, kitisho, barua ya kumlazimisha. Alichokipata kilikuwa kibaya zaidi. Kwenye ramani ya kwanza mstari wa kubomoa ulipita juu ya nyumba ya karani mwenyewe. Kwenye ramani ya pili, iliyonakiliwa kwa mwandiko wa karani, namba za nyumba mbili zilikuwa zimebadilishana. Ya kaka iliingia mstarini. Ya karani ilitoka.

Hakumwambia mtu.

Kisha, Ijumaa moja, simu iliita na jina la Sindano likatokea. Aliangusha chaki.

"Mama anakuita. Jumapili saa tisa," alisema Sindano. "Anayekuita ni Mama. Mimi simo."

Alivaa shati jipya, alilolipiga pasi hata mgongoni. Ndani ya mfuko aliweka pete aliyoinunua kabla ya mambo yote, kwa sababu mtu anayezama hushika hata unyasi.

Mama aliweka viti viwili katikati ya sebule, vikitazamana. Sindano alikaa dirishani, kando ya cherehani ndogo ya nyumbani, na shati la mteja mapajani, akitia vifungo, na hakuinua macho alipoingia. Mwalimu alianza hotuba aliyoiandaa, ya kuomba msamaha. Mama alimkatiza kwa kiganja.

"Msamaha wako utakuja ukija. Watoto wako walinicheza mimi mbele ya watu. Leo utanichezea baba yangu. Alikufa bila kunijibu, na mimi niliogopa kumwuliza. Nasikia unashinda ofisi ya nyaraka; wewe umesoma habari zake kuliko mtu yeyote aliye hai. Keti."

"Mama, mimi siwezi..."

"Watoto wa miaka kumi na sita waliweza."

Akaketi.

"Kwa nini mlango wa baba mkubwa?"

Mwalimu alianza kusema kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, makarani wa ngazi ile walikuwa... Mama akasema hajamwita mwalimu.

Mwalimu alitazama chini. Mbele yake palikuwa na njia mbili, na aliziona zote. Angeweza kusema alilazimishwa, bunduki, gereza, na mwanamke huyu angelala usingizi. Nani angejua? Aliinua macho, akamkuta Sindano ameacha sindano hewani, anamtazama.

"Kwa sababu mstari ulipita mlango wetu, mwanangu," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika, nzito na ya taratibu. "Ilikuwa sisi. Nilikuwa na ramani mezani na kalamu mkononi. Nikabadilisha namba. Nilijiambia kaka hana kazi serikalini, ataweza kuanza upya popote."

Uso wa Mama haukutikisika. Ni mikono tu iliyofumbatana.

"Na mimi? Kwa nini ndoo nikabeba mimi? Kulikuwa na tarishi."

Hilo halikuwemo kwenye daftari lolote. Machozi yalimjaa Mwalimu machoni, na alipojibu hakuwa tena mtu aliyevaa shati jipya.

"Mtu akiwa na mtoto pembeni, hawampigi mawe."

Mama alifumba macho. Aliwaona: wanaume waliosimama vibarazani, mikono yao ikiinama kuokota kitu, kisha ikinyooka mitupu. Siku zote alidhani walimsalimia kwa sababu ya gauni.

Aliuliza la mwisho, kama alijua kuhusu kitoto. Baba yake akamjibu kwamba alijua siku ileile, na kwamba ndiyo sababu hakuweza tena kumbeba yeye. Mama akalia. Alilia vizuri, kwa sauti, kama mtu anayetua mzigo kwenye uwanja wake mwenyewe. Sindano alitupa shati akampigia magoti, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne Mama alimwekea mkono kichwani.

Alipotulia, alimtazama Mwalimu. "Ulinitendea unyama," alimwambia. "Leo umenilipa. Nimekusamehe, na huyu akitaka kukuchukua sitasema neno."

Walitoka nje wawili, wakasimama kwenye ngazi. Jua lilikuwa bado kali. Sindano alikuwa amevaa gauni la nyumbani lililofifia, nywele zimefungwa kitambaa, na Mwalimu aliona kwamba hajawahi kuwa mzuri namna ile. Akaitoa pete. Hakupiga goti wala kusema maneno mengi. Alisema alikosa, amejua alipokosea, na anaomba amwoe.

Sindano aliitazama pete bila kuigusa.

"Lile la mawe," alisema. "Limeandikwa mahali?"

"Hapana."

"Ulilitoa wapi?"

"Nilijiuliza mtu kama yule angejibu nini. Nikamsikia."

"Ulilia."

"Yalikuwa machozi ya kweli. Nakuapia."

"Najua yalikuwa ya kweli. Ndiyo yanayonitisha." Sauti yake haikuwa na hasira, na Mwalimu angetoa chochote aisikie hasira. "Nilikaa pale dirishani nikakuona unageuka kuwa babu yangu. Sauti ikabadilika, mabega yakabadilika. Nikajiuliza yule aliyekuwa ananipigia simu mchana, yule wa chaki, alikuwa nani. Labda ni wewe. Labda ulijiuliza mtu anayependa angesema nini, ukamsikia."

"Nilikupenda. Nakupenda."

"Inawezekana. Lakini sitakuwa na njia ya kujua, na mimi si mtu wa kulala na swali. Mama aliweza miaka hamsini. Mimi siwezi."

"Mama yako amenisamehe."

"Alikuwa na haki ya kusamehe la kwake." Alimfunga vidole juu ya pete, kimoja kimoja, kwa mkono uliokuwa na joto. "Hili ni langu."

Akaingia ndani. Hakuubamiza mlango, na Mwalimu alisubiri hapo hata baada ya kusikia cherehani ikianza kazi, kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke.

Muhula uliofuata Mama alistaafu, na jambo la kwanza alilofanya ni kwenda shuleni kwa miguu yake. Alimwambia mkuu wa shule kwamba atakuja kila Jumatano kipindi cha tatu. Hakutaka kadi wala koti. Aliketi mbele ya kidato cha tatu, mkoba mapajani, akawaambia, "Mimi sitaigiza. Niulizeni." Wakamwuliza. Wale wawili waliopiga msalaba walikaa nyuma kabisa siku ya kwanza, na wiki ya tano walikuwa mbele.

Mwalimu alisimama ukutani akisikiliza, na kila Jumatano, kengele ikilia, alimsindikiza Mama mpaka langoni, akimbebea mkoba, akizungumza habari za hali ya hewa na mitihani. Alijizuia wiki ya kwanza. Alijizuia ya pili. Wiki ya tisa, langoni, alifungua mdomo.

Mama alimwahi. Alimwekea mkono begani, mkono ule uliochunwa na sabuni, kwa upendo wa mama mkwe kabisa.

"Amesema ukimwulizia, nisikujibu," alisema. "Kwa hiyo, mwanangu, usiniulize."

Akachukua mkoba wake, akavuka barabara.